Ule Waya Nilioufunga Jikoni

Mwezi huu siandiki juu ya ndoa wala juu ya posa. Naandika juu ya jiko la gazi lililo nyumbani kwetu hapa Kalemie, na juu ya kosa nililolifanya kwa mkono wangu mwenyewe. Bibi yangu amesoma maneno haya kabla ya kutumwa. Aliniambia, "Andika yote, usipunguze."

Jiko lenyewe, ambalo sisi tunaliita kwizinieri, tulilikuta ndani ya nyumba. Ni la bati jeupe lililopakwa rangi ngumu kama ya sahani za zamani, lina midomo minne juu na furu ya kuoka mikate chini. Wamisionere waliokaa humu waliliacha. Sisi tulipohamia, furu ilikuwa kabati. Bibi yangu aliweka humo maharagwe na vyungu, na panya mmoja naye aliweka watoto wake. Kwa kupika tulitumia mbabula na makala kama watu wote wa kartie. Kuran ya mji wetu inatoka mbali, kule Bendera kwenye mto Kyimbi, na siku inapopotea hakuna tajiri wala maskini, wote tunapuliza makala.

Aliyeanza maneno ya gazi ni bibi yangu. Watoto wetu wawili walikuwa wameingia sekondari pamoja, na minervali ya watoto wawili kwa mshahara wa mchungaji, ninyi mnaojua mnajua. Akasema, "Baba, ile furu inaweza kuoka mikate. Asubuhi watu wa bandari wananunua mikate, wanafunzi wananunua. Tafuta chupa ya gazi." Nilicheka. Lakini baada ya majuma machache ndugu mmoja anayefanya biashara ya kuvuka ziwa alituletea chupa kutoka Kigoma, pamoja na mikungu ya ndizi na magunia ya unga. Basi kazi ikaanza.

Shule ya Biblia ilinifundisha Kiyunani kidogo na namna ya kupanga mahubiri. Juu ya gazi haikunifundisha kitu. Hata hivyo mimi ni mtu wa kupenda kufungua vitu. Redio nimefungua, baiskeli nimefungua, mashine ya kushonea ya mama mkwe nimefungua (hiyo sikuweza kuirudisha vizuri, na mpaka leo inatajwa). Kwa hiyo niliona aibu kuita fundi. Nilijiambia kwamba jiko ni bomba na moto tu.

Jambo la kwanza lilinishinda palepale mlangoni. Kati ya chupa na tiyo ya mpira kunakaa kidude kinachoitwa detanderi, yaani kipunguza nguvu. Ndani ya chupa gazi imebanwa sana mpaka imegeuka maji. Ukitikisa chupa unayasikia yanacheza. Lita 1 ya maji yale ikitoka inakuwa gazi zaidi ya lita 200. Jiko la nyumbani linataka nguvu ndogo sana, karibu milibari 30, na kazi ya detanderi ni kuipunguza nguvu ya chupa mpaka ifike hapo. Sasa detanderi ya wamisionere ilikuwa ya chupa za Ulaya, na mdomo wa chupa ya Kigoma haukukubali. Kijana mmoja wa kartie alisema angeweza kuupiga nyundo kidogo na kuzungushia mpira, ungekaa. Namshukuru Mungu kwamba hapo nilikataa. Nilisubiri majuma matatu mpaka yule ndugu wa biashara akaniletea detanderi inayofanana na chupa yake. Mtu akikuuzia chupa, mwombe na detanderi ya chupa hiyo hiyo. Hakuna hekima nyingine.

Tiyo ya zamani nayo niliitupa. Kwa macho ilikuwa nzima, lakini nilipoikunja kidogo ilionyesha mipasuko midogo kama kisigino cha mtu anayetembea bila viatu. Mpira unazeeka hata kama haufanyi kazi. Nilinunua mpya iliyo ya gazi, si ile ya maji, nikaifunga kwa vibano vya chuma pande zote mbili. Halafu nikachemsha kichwa: nitajuaje kama inavuja? Bibi yangu ndiye aliyenijibu. "Wewe, gurudumu la baiskeli unalijuaje?" Kweli. Tulikoroga sabuni na maji, tukapaka kwa brashi kila mahali palipo na kiungo, tukafungua chupa, tukaangalia. Panapovuja sabuni inafanya viputo. Mahali pawili pakatoa viputo, tukafunga chupa, nikakaza, tukapaka tena. Kuna watu wanaotafuta gazi inayovuja kwa kuwasha kibiriti na kukipitisha kwenye tiyo. Nimewaona kwa macho yangu. Ndugu, usifanye hivyo hata kama mwenzako alifanya mara mia.

Midomo ya juu ilikuwa na shida yake. Mmoja uliwaka vizuri, miwili ilitoa moto wa manjano wenye kupaka sufuria masizi, na mmoja haukutoa kitu. Chini ya kila mdomo kuna kitundu chembamba sana kinachopitisha gazi, na karibu yake kuna nafasi ya kuingizia hewa. Gazi na hewa vinachanganyika kwanza, ndipo vinawaka. Hewa ikitosha, moto ni wa bluu na hausemi sana. Hewa ikipungua, moto unakuwa manjano, mrefu, mvivu, na masizi yanaanza. Nilipofungua nilikuta buibui wamefunga nyumba zao ndani ya mirija, na mdomo uliokufa ulikuwa umezibwa na udongo wa nyigu. Nilisafisha mirija kwa brashi ya chupa za mtoto. Kile kitundu chembamba nilitaka kukichokoa kwa sindano. Sikujua kwamba sindano ngumu inakipanua, na kikipanuka gazi inatoka nyingi kuliko hewa, moto wa manjano unabaki milele. Kwa bahati sindano zote za nyumbani zilikuwa nene. Nilitumia unyuzi mmoja wa shaba kutoka waya wa umeme, ambao ni laini, nikapuliza. Jioni ile midomo yote minne iliwaka bluu. Watoto walipiga makofi. Nikajiona fundi.

Niseme neno moja juu ya ule moto wa manjano, kwa sababu gazeti hili linasomwa Kolwezi, Likasi na sehemu nyingine ambako mwezi wa 6 na wa 7 baridi inauma. Moto usiopata hewa ya kutosha hautoi masizi tu. Unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoitwa monoksidi ya kaboni. Makala yanayong'aa mekundu bila moshi ndiyo yanaitoa kwa wingi. Mnaingiza mbabula chumbani, mnafunga dirisha, mnalala, na asubuhi jirani anavunja mlango. Wachimbaji wanaijua sumu hiyo hiyo kwa njia nyingine: ni ile inayoua vijana wanaposhusha mashine ya kuvuta maji ndani ya shimo na kuiwasha humo humo chini. Mbabula ikae nje. Mashine ikae juu, mbali na mdomo wa shimo.

Sasa narudi kwenye furu, maana hapo ndipo dhambi yangu ilipo.

Furu ya jiko letu unaiwasha hivi: unasukuma kifungo na kukizungusha, unaweka kibiriti, moto unashika, na unaendelea kusukuma kwa muda mdogo. Kisha unaachia, na moto unapaswa kubaki. Wetu haukubaki. Nikisukuma, moto mzuri. Nikiachia, puu, umekufa. Nilirudia mara ishirini. Nilisukuma sekunde 10, sekunde 30, dakika nzima mpaka kidole kikauma. Nikiachia, umekufa. Bibi yangu alikuwa amekwisha kununua unga na chachu.

Basi nikachukua waya, nikakifunga kile kifungo kibaki kimesukumwa. Nikawasha. Moto ulibaki. Nilimwita bibi yangu, nikamwambia, "Mama, nimetengeneza." Hakuuona ule waya kwa sababu niliupitisha nyuma ya kifungo, ukaingia pembeni, na nilifanya hivyo ili usionekane. Nilisema kwamba ni kwa ajili ya uzuri.

Tulioka mikate kwa majuma mawili. Ilikuwa mikate mizuri kweli, na saa moja asubuhi yote ilikuwa imekwisha kununuliwa. Minervali ya mtoto wa kwanza ililipwa nusu. Siku ya Bwana nilisimama mimbarani nikatoa ushuhuda jinsi Mungu anavyofungua milango.

Nyumba yetu iko karibu na ziwa, na ukuta wa jikoni una ufa tangu lile tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lililopasua nyumba nyingi za Kalemie. Waliokaa kabla yetu waliuziba kwa udongo, udongo ukaanguka, na mimi nilikuwa na mpango wa kuuziba. Mwezi wa 7 upepo wa kiangazi unapiga kutoka ziwani, na unaingia katika ule ufa kama mtu anayepuliza filimbi. Jumamosi moja jioni bibi yangu aliingiza mikate katika furu, akaenda mara moja kwenye kilio cha jirani. Mimi nilikuwa chumba cha mbele natayarisha mahubiri. Mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka miwili, alikuwa amelala kwenye mkeka jikoni, maana pale palikuwa na joto. Upepo ukapiga. Moto wa furu ukazimika. Kifungo kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo gazi haikujua kwamba moto umekufa. Iliendelea kutoka.

Kuran ikapotea. Giza likaingia. Binti yetu wa miaka 12 akachukua mshumaa na kibiriti kwenda jikoni. Akasimama mlangoni akaita, "Papa, huku kunanuka kama vitunguu vya kuoza."

Nami, macho yangu yakiwa kwenye kitabu na tochi yangu mkononi, nilimjibu, "Washa mshumaa kwanza, uangalie ni nini."

Maneno hayo nimeyasikia tena usiku mwingi. Mtoto mtiifu alitii. Alikwaruza kijiti cha kwanza, kikavunjika kichwa. Alikuwa anatafuta cha pili ndani ya boksi wakati mama yake alipofika mlango wa nyuma, akaivuta ile harufu, akapiga kelele ambayo sijapata kuisikia kwake tangu tuoane: "Hapana washa! Hapana washa! Tokeni!"

Binti aliangusha boksi akatoka mbio. Bibi yangu aliingia gizani, akambeba mtoto kutoka kwenye mkeka. Mtoto alikuwa mlegevu, macho nusu. Mimi niliizunguka nyumba nikafunga chupa, tukafungua milango yote na madirisha, tukakaa uani. Baada ya muda mtoto alitapika, akalia. Kilio kile kilikuwa kitamu kuliko wimbo wa kwaya. Tulimpeleka kwa muuguzi, akamwangalia usiku ule, na asubuhi mtoto alikuwa anaomba ndizi. Mikate ilibaki ndani ya furu, myeupe na baridi.

Usiku wa manane, watoto wote wakiwa wamelala, bibi yangu alichukua tochi akaenda jikoni. Alirudi akiwa ameushika ule waya. Hakupaza sauti. Alisema, "Uliniambia umetengeneza."

Sikuwa na jibu. Kesho yake nilisimama kanisani, nikahubiri, na sijui nilisema nini.

Jumatatu nilikwenda kwa mzee mmoja anayekaa upande wa stesheni. Zamani alikuwa fundi katika karakana ya reli, na mikono yake bado ina alama za chuma. Yeye ni Mkatoliki, na mpaka siku ile tulikuwa tunasalimiana njiani tu. Alikuja na mfuko mdogo wa vyombo, akapiga magoti mbele ya furu, akaona mahali waya ulipokwaruza rangi.

"Pasta, hapa kulikuwa nini?"

"Kulikuwa waya, Papa."

"Nani aliufunga?"

"Njo mimi, Papa."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ulimfunga mlinzi kamba, mwizi akaingia." Halafu hakurudia tena neno hilo. Alianza kazi, nami nikashika tochi.

Alinionyesha kijiti kidogo cha chuma kinachosimama karibu na mdomo wa moto ndani ya furu, kimeunganishwa na mrija mwembamba wa shaba unaorudi nyuma ya kifungo. Nilikuwa nimekiona, nikadhani ni cha kushikilia kitu. Kinaitwa termokupuli. Ndani yake kuna metali mbili tofauti zilizounganishwa kwenye ncha. Ncha ikipata moto na upande wa pili ukibaki baridi, umeme mdogo unazaliwa, bila betri na bila Bendera. Mtaalamu Mjerumani Thomas Seebeck alitambua jambo hili mwaka 1821. Umeme wenyewe ni kidogo ajabu, milivolti 20 mpaka 30 katika vyombo vya namna hii. Jiwe moja la redio lina volti 1.5, yaani ungehitaji termokupuli 50 au zaidi kufikia nguvu ya jiwe moja. Lakini unatosha kuendesha sumaku ndogo iliyo nyuma ya kifungo, na sumaku inashikilia mlango wa gazi ubaki wazi. Sisi tunaposukuma kwa kidole tunaufungua ule mlango kwa nguvu zetu, tukisubiri ncha ipate moto. Ikipata moto, sumaku inapokea kazi kutoka kidoleni. Moto ukizimika, ncha inapoa, umeme unakwisha, sumaku inaachia, na mlango unajifunga wenyewe. Kwa hiyo moto wetu ulipokuwa unakufa kila nikiachia, jiko halikuwa linanisumbua. Lilikuwa linaniambia kwamba mlinzi wake ni mgonjwa.

Mzee hakukimbilia kusema kitu kimekufa, nunua kipya. Alianza na vile visivyo na bei. Je, ncha imeingia ndani ya moto? Ilikuwa imepinda pembeni, labda kwa vyungu vyetu vya maharagwe, na moto uliigusa kwa mbali. Akainyosha taratibu. Je, ncha ni safi? Ilikuwa nyeusi kwa masizi. Akaisugua kwa msasa laini. Je, moto wenyewe una nguvu? Kitundu chake kilikuwa nusu kimezibwa, akakisafisha. Je, nati ya nyuma imekazwa? Umeme mdogo namna ile hauvuki uchafu, kwa hiyo alifungua nati, akapangusa mahali panapogusana, akairudisha kwa vidole na kuikaza kidogo tu kwa ufunguo. Alisema wengi wanaikaza kwa hasira, wanaharibu mrija. Kila hatua alijaribu kuwasha. Baada ya hatua ya tatu moto ulibaki sekunde chache. Baada ya ya nne, dakika nzima, kisha puu.

Ndipo akatoa kipimo cha umeme, akaweka nyaya zake mbili kwenye termokupuli huku mimi nasukuma kifungo na moto unawaka. Mshale haukufika hata milivolti 10. "Huyu amezeeka," alisema. "Sasa njo tunaweza kusema nunua."

Termokupuli ni kitu cha bei ndogo, lakini hapa kwetu kitu cha bei ndogo kinaweza kuwa mbali. Ilichukua zaidi ya mwezi kuipata, kwa njia ya mtu aliyepita Lubumbashi. Muda wote huo furu ilikaa bila kazi, na bibi yangu aliuza mandazi aliyoyapika kwenye mbabula. Nusu ya pili ya minervali ilichelewa, mtoto alirudishwa nyumbani siku tatu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nisiurudishe ule waya.

Mzee hakungoja termokupuli ili aendelee na nyumba. Aliuliza chupa inakaa wapi. Ilikuwa imekaa ndani, kwenye kipembe kilicho chini kuliko sakafu, mahali pazuri pa kuificha. Alitikisa kichwa. Gazi ya chupa ni nzito kuliko hewa. Ile ya butani ni karibu mara mbili. Ikitoka haipandi, inashuka na kutambaa kama maji, inajaa mashimo na sakafu. Mtoto wetu aliyelala kwenye mkeka alikuwa mahali pabaya kuliko sisi sote. Hapa Kalemie tuna Makala, palipochimbwa mkaa wa mawe wa Lukuga wakati wa Wabelgiji, na wazee wetu waliofanya kazi katika migodi ya mkaa wanajua gazi nyingine, ile ya mgodini, ambayo ni nyepesi na inakaa juu, kwenye dari ya shimo. Ni kwa ajili yake Mwingereza Humphry Davy alitengeneza mwaka 1815 taa yenye wavu wa waya kuzunguka moto. Nafikiri kwa sababu hiyo wengi wetu tunadhani kila gazi inapanda juu, tunafungua dirisha la juu na kusema tumemaliza. Kwa gazi ya chupa fungua mlango, ili itoke kwa miguu yake.

Tuliitoa chupa nje, chini ya paa dogo, kwenye sakafu iliyo sawa, tukapitisha bomba ukutani. Ule ufa niliuziba kwa saruji siku hiyo hiyo. Mfuko wa saruji ulikuwa umekaa stoo tangu mwaka uliotangulia.

Na ile harufu ya vitunguu? Mzee alimweleza binti yetu, maana alikuwa ameuliza. Gazi yenyewe haina harufu. Wenye kuijaza chupani wanaongeza dawa yenye kunuka, makusudi, ili pua ya mtu ijue mapema. Sehemu 2 tu za gazi katika sehemu 100 za hewa zinaweza kulipuka. Ukiisikia harufu hiyo, hapana kuwasha kitu, wala kibiriti, wala taa ya ukutani, hata kuizima, kwa sababu swichi inatoa cheche. Hata simu usiishike humo ndani. Toa watu, fungua milango, funga chupa. Binti alisikiliza yote, kisha akaniangalia. Nikamwambia mbele ya mzee, "Mimi nilikutuma uwashe. Wewe ulisema kweli, mimi sikusikiliza. Unisamehe." Akainama, akasema, "Ndiyo, Papa." Mzee alikuwa anapanga vyombo vyake.

Tangu hapo nimesoma mara nyingi Kumbukumbu la Torati 22, aya ya 8. Hapo Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya azungushe ukuta mdogo juu ya dari yake, kusudi mtu asianguke na damu yake isihesabiwe juu ya nyumba ile. Nilikuwa nimeipita aya hiyo miaka yote kama neno la mafundi. Zamani niliihubiri mara moja, nikaigeuza haraka kuwa mambo ya roho: dari ni moyo, ukuta ni maombi. Siku hizi naiacha ibaki dari na ukuta. Nimewauliza akina baba wa kanisa letu mmoja mmoja, si mimbarani, je, nyumbani kwako kuna kitu ulichokifunga waya? Mmoja alikuwa ameweka msumari mahali pa fuzi ya umeme. Mwingine, kisima chake kilifunikwa kwa bati lililooza, na alimwambia mke wake kwamba ni bati jipya. Mkutano wetu wa akina baba umekuwa mrefu.

Termokupuli ilipofika, mzee aliifunga kwa dakika ishirini. Nilisukuma, nikahesabu mpaka 20, nikaachia. Moto ulibaki. Kisha mzee akafanya kitu nilichokiogopa: aliuzima moto kwa kuupuliza, gazi ikiwa wazi, akanyanyua kidole tusikilize. Gazi ilitoka kwa mlio mdogo. Tulihesabu. Kabla ya dakika moja kukasikika "tik" nyuma ya kifungo, na mlio ukakoma. Bibi yangu alitaka alisikie tena lile "tik". Tulifungua mlango, tukangoja hewa isafike, mzee akarudia kwa ajili yake.

Ule waya haujatupwa. Bibi yangu aliutundika kwenye msumari jikoni, juu ya chumvi. Wageni wanauliza ni wa nini, naye ananiangalia mimi nijibu.

Mwezi uliopita chupa nyingine ilifika kutoka ng'ambo. Niliifunga, nikakaza detanderi, nikapangusa mikono. Binti alikuwa amekwisha kusimama nyuma yangu na kikombe cha maji ya sabuni. Akapaka kwenye nati, akainama, akaangalia muda mrefu. Kiputo kimoja kidogo kilijivimbisha, kikapasuka, kikaja kingine.

"Papa, bado," alisema.

Nikauchukua tena ufunguo.